Mashine Iliyozama Pakavu

Badru Mwafaka hakuwa mjumbe wa kikao kile, na kadi yake ya Chama ilikuwa imekufa zamani kwa kukosa ada, lakini hakikuwahi kufanyika kikao Kibiti asiwe karibu na dirisha. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa ofisi, kikombe cha chai ya Bi Mashavu mkononi, kitumbua cha tatu mdomoni, akiwasikiliza wakubwa wakirushiana vijembe ndani.

"Mashine imezama!" alitangaza Khamisi, meneja wa kampeni ya Alhaji Shaabani, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Mashine mpya ya boti, farasi kumi na tano, ambayo Alhaji aliwaahidi akina mama wa Maparoni! Jana, saa nne asubuhi, palepale bandarini Nyamisati, imechomoka kwenye boti ikaenda chini. Kuna mtu amelegeza bolti. Na mtu huyo yumo humu ndani, upande ule!"

Kidole chake kikaelekea benchi la watu wa Bi Rukaya. Benchi likajibu kwa kuinuka lote kwa pamoja. Mpambe mmoja alimvua mwenzake kofia, mwingine akamvua mwenzake fulana yenye picha ya mgombea, na katibu akaita utaratibu mara tatu, utaratibu usije. Wote hao walikuwa watu wa Chama kimoja. Ulikuwa mwaka elfu mbili, na Chama kilikuwa kinajiandaa kupiga kura za maoni kumpata mgombea wa ubunge. Wapinzani wa vyama vingine walikuwepo mjini, watu kama saba na bendera yao, lakini nani alikuwa na nafasi nao? Wana-Chama walikuwa wana kazi ya kutoana macho wao kwa wao. Nusu walikuwa Kambi ya Korosho, watu wa Alhaji Shaabani, mnunuzi mkubwa wa korosho. Nusu nyingine walikuwa Kambi ya Kamba, watu wa Bi Rukaya, aliyetajirika kwa kupeleka kamba wabichi Dar es Salaam kwenye masanduku ya barafu.

Badru hakugeuka kutazama ngumi. Alikuwa ameacha kutafuna. Jana ilikuwa bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi umejaa pomoni, na yeyote aliyezaliwa deltani anajua kwamba siku ya bamvua, ikifika saa nne asubuhi, maji ya Nyamisati yamekwisha kwenda zake. Pale bandarini hubaki tope, na kuku anavuka upande wa pili bila kulowa makucha. Mashine isingeweza kuzama pale hata ingeomba. Lakini Khamisi alikuwa mtu wa Mloka, na kwao Mloka mtu hufundishwa habari za tembo na nguruwe wa shambani, si habari za maji kupwa na kujaa.

Basi kama haikuzama, ipo. Imelala mahali pakavu, mpya, na aliyeificha ameshaizika mbele ya mashahidi. Badru alimeza kitumbua chake kwa heshima.

Inafaa msomaji amjue huyu bwana. Jina la Mwafaka alipewa na watu kwa kuwa alikuwa akipatanisha magomvi yote ya mji, mengi yakiwa ameyaanzisha mwenyewe ili asikose kazi. Aliwahi kumuuzia mchuuzi wa Ikwiriri nafasi ya mbele kwenye foleni ya kivuko cha Ndundu. Mchuuzi alipofika mtoni alikuta kivuko kinamngoja yeye peke yake. Hakuwa mwizi, alipenda kusema. Mwizi huchukua usiku, na yeye alipewa mchana, tena kwa asante.

Lakini mjanja naye ana mahali panapomuuma. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amerudi kwao Maparoni tangu Ramadhani, amechoka kuishi na mtu ambaye kila hodi mlangoni ni ya mdai. Badru alimpenda mwanamke yule kuliko alivyopenda kusifiwa, na hilo si jambo dogo. Sasa baba mkwe alikuwa ameleta salamu: mwezi mwingine ukiandama na Badru bado hana kazi inayoeleweka, aje na karatasi ya talaka. Mwezi ulikuwa umeshapevuka. Zilibaki wiki mbili.

Mtu mwenye mashine yake deltani ana kazi inayoeleweka. Boti za kukodi zilikuwa tele, na abiria wa Nyamisati na Maparoni hawakosekani. Kuhusu akina mama walioahidiwa, Badru aliumiza kichwa kama nusu dakika. Mashine itafika Maparoni kama ilivyoahidiwa, alijiambia. Kitakachobadilika ni jina la mwenyewe tu.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ghalani kwa Alhaji Shaabani.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba, sina."

"Nimekuja kukupa pole. Wewe unasema mashine imehujumiwa na watu wa Bi Rukaya, na mimi naamini. Lakini mjini wanasema imeliwa na watu wako mwenyewe."

Alhaji aliinuka juu ya gunia lake la korosho. "Nani anasema?"

"Kwa sasa ni mimi tu. Ila mpaka alasiri watakuwa wengi."

Alhaji alikuwa mtu mwerevu katika korosho na mgeni katika mengine yote. "Unataka nini, Badru?"

"Nataka amani ndani ya Chama. Isomwe Halbadiri. Ijumaa, baada ya swala, asomewe kila aliyekula mali ya kampeni, wa kambi yoyote. Anayejijua msafi ana hofu gani?"

Alhaji alivua kofia, akaivaa tena. Halbadiri si neno la kutajwa ovyo pwani. Ni kisomo cha kumshitaki mwizi kwa Mungu baada ya kuwashinda polisi, na kila ukoo una habari ya mtu aliyesomewa akavimba tumbo kabla ya Ijumaa ya pili. "Na Bi Rukaya amekubali?"

"Sasa hivi natoka kwake. Kasema atakayekataa ndiye mwizi."

Badru hakuwa ametoka kwa Bi Rukaya. Alikwenda baada ya hapo, akamkuta amesimama kwenye masanduku yake ya barafu, khanga kaifunga kiunoni, anagomba kwenye simu ya mezani na dereva aliyekwama kijiji cha Jaribu. Akamwambia kwamba Alhaji amekubali kisomo na kwamba atakayekataa ndiye mwizi. Hapo, walau, alikuwa anasema kweli.

"Mie nimeibiwa nini?" alisema Bi Rukaya. "Watu wangu waaminifu. Mkosi tu umetuandama. Sukari ya wajumbe, magunia manne, ilinyeshewa na mvua njiani ikayeyuka yote. Saidy, mpambe wangu, kaniletea habari mwenyewe, analia."

"Pole sana, Bi Rukaya. Ilinyesha lini mvua hiyo?"

"Wiki iliyopita."

"Mwezi huu wa saba?"

Bi Rukaya alitazama nje, kwenye vumbi ambalo halikuona tone tangu masika yaishe. Kisha akakata simu bila kumuaga dereva. "Isomwe," alisema. "Isomwe kwa sauti kubwa. Unahitaji nini?"

"Ubani kidogo. Na mbuzi wa sadaka."

Alhaji naye alikuwa ametoa mbuzi. Jioni Badru alikuwa na mbuzi wawili, spika ya Kambi ya Kamba na baiskeli ya Kambi ya Korosho, akizunguka mtaa hadi mtaa kutangaza. Maana Halbadiri ina adabu yake: haisomwi kwa kushtukiza. Hutangazwa siku tatu kabla, ili mwenye mkono mrefu apate nafasi ya kurudisha. Desturi hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yote ya Badru. Kisomo chenyewe hakuwa na haja nacho, wala hakuwa amekwenda kumwomba mwalimu yeyote. Alitaka zile siku tatu tu.

"Enyi wananchi wa Kibiti! Ijumaa hii, inshallah, itasomwa! Aliyekula cha Alhaji, aliyekula cha Bi Rukaya, aliyelamba sukari, aliyekalia khanga! Anayetaka kurudisha, apeleke kwa Bi Mashavu. Hataulizwa jina. Asiyetaka, aanze kuaga watu wake!"

Kwa nini kwa Bi Mashavu? Kwa sababu kwa Badru asingekwenda mtu. Bi Mashavu alipika chai ya ofisi asubuhi, lakini heshima yake haikutoka kwenye chai. Alikuwa kungwi. Wanawake wengi, kuanzia barabara kuu mpaka visiwa vya delta, walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa wari wa unyago, na mambo aliyoyajua ya nyumba za watu yangetosha kuvunja ndoa za tarafa nzima. Hakupata kuvunja hata moja. Kungwi hasemi, na mji wote uliamini hivyo.

"Kwa hiyo mie niwe ghala," alisema Bi Mashavu, Badru alipokwenda kumweleza. Alikuwa anapeta mchele na hakuinua macho.

"Uwe mlango wa toba, bibi yangu."

"Na kisomo atasoma nani?"

"Mwalimu Saadi."

"Umekwisha kumwambia?"

Badru alitabasamu. "Bi Mashavu, kisomo kizuri ni kile ambacho watu wametubu kabla hakijafika. Khanga na sukari fanya upendavyo. Mimi nina haja na mzigo mmoja tu, mzito, utaletwa kabla ya Alhamisi. Alhamisi saa tisa kuna lori linakwenda Bungu, na huko kuna mtu wa kunifikisha Nyamisati. Nimeshamlipa dereva."

"Mashine," alisema Bi Mashavu.

"Hujaambiwa neno."

"Sijaambiwa," alikubali yule mama, akaendelea kupeta. Badru aliondoka amefurahi. Alikuwa amekumbuka kwamba kungwi hasemi. Hakukumbuka kwamba hasemi kwa wanaume. Kwa wari wake kusema ndiyo kazi yake. Wala hakujisumbua kukumbuka ni nani aliyemcheza Mwanahawa unyago.

Jumanne asubuhi toba ikaanza. Palitokea jambo ambalo Badru hakulitarajia: uani kwa kungwi mwanamume hakanyagi. Kwa hiyo waheshimiwa wapambe, waliokuwa wakiapa jana yake mbele ya katibu, ililazimu wawatume wake zao. Na ili mke abebe, lazima aambiwe anabeba nini. Mji ulijaa ugomvi wa ndani. Mke wa Saidy alibeba sukari ya kwanza kimya, na ya pili akiwa analia. Alikuwa ameambiwa wiki nzima kwamba nyumbani hakuna sukari, wanywe uji hivyohivyo. Safari ya tatu alikwenda akiimba, na maneno ya wimbo yalimhusu Saidy.

Khanga zilirudi kwa majora. Fulana zilirudi, nyingine zimeshafuliwa. Baiskeli zilirudi, na mapipa ya mafuta ya taa, na kiti cha ofisi ya Chama ambacho hakuna aliyejua kama kimepotea. Hofu ikishaanza haina mpaka. Mzee mmoja, ambaye hakuwa na kambi wala hakuwahi kupiga kura, alimleta bata. Alikuwa amemchukua kwa jirani zamani sana, au tuseme aliyechukuliwa alikuwa bibi yake bata huyo, na dhamiri ilikuwa imemsumbua vizazi vitatu vya mabata.

Badru alikaa kibarazani kwa muuza kahawa ng'ambo ya njia, akihesabu kila mzigo na kungoja mmoja.

Ulikuja Jumatano alasiri. Kwanza alimwona Habiba, mke wa Khamisi, akitembea ameshika shavu na kulia kwa utaratibu wa mtu aliyeelekezwa. Nyuma yake wanaume wanne walibeba kitanda cha kamba, na juu ya kitanda palilala kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe mpaka juu.

"Masikini, Habiba! Ni nani?" watu waliuliza.

"Shangazi yake Khamisi. Nampeleka kwa Bi Mashavu akamtazame."

"Anaumwa nini?"

"Hasemi."

"Mbona ananuka petroli?"

"Amechuliwa," alisema Habiba, akaongeza kilio.

Bibi mmoja mwenye huruma alisogea, akapenyeza mkono chini ya shuka ili aone kama mgonjwa ana homa. Akautoa haraka. "Yarabi," alinong'ona. "Mwenzenu keshapoa." Habari zikamtangulia Habiba njia nzima. Kabla jua halijatua, barazani kwa Khamisi walikuwa wameshaketi watu arobaini kumpa pole ya kufiwa na shangazi, wengine kutoka Dimani, na ikambidi atafute mchele wa kuwapikia.

Badru alicheka mpaka kahawa ikampalia. Aliona mbele yake mkondo wa Maparoni na baba mkwe akisimama ukingoni amekunja mikono, na taratibu ile mikono inakunjuka.

Alhamisi saa nane alifika uani kwa Bi Mashavu na mkokoteni, akapiga hodi kwa mlango wa nje. Bi Mashavu akamkaribisha, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Uani palikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, yamepinduliwa kukauka. Wanawake watatu walikuwa wanachambua mchele. Mbuzi wawili walifungwa kwenye mpapai.

"Hawa si mbuzi wangu?"

"Ni wa kisomo," alisema Bi Mashavu.

"Kisomo gani?"

"Cha kesho. Nimekwenda kwa Mwalimu Saadi. Kakubali."

Badru alicheka. Hakuna aliyecheka naye. "Bi Mashavu, tulikubaliana mimi na wewe."

"Tulikubaliana nini? Mie sijaambiwa neno." Alijifuta mikono kwa upindo wa khanga. "Kisomo kimetangazwa na spika mitaa yote, mwanangu, na watu wametubu. Sasa kisisomwe? Si tutakuwa tumemchezea Mungu? Mashine ile pale, chini ya mkeka. Ichukue, baba. Mie kikongwe nitakuzuia kwa nini? Nitajie tu jina lako na la mama yako. Walioshika mali ya watu hadi kesho, majina yao yanapelekwa kwa Mwalimu. La baba halina kazi. La mama ndilo wanalosomea."

Badru alikwenda kwenye mkeka. Aliufunua. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoiota, nyeusi, rangi yake haijachubuka popote, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Aliweka kiganja juu yake, na chuma kilikuwa cha baridi. Nje mwenye mkokoteni alipiga kelele kwamba lori halingoji mtu.

Mji mzima Badru alikuwa ameuuzia hofu, na sasa aligundua kwamba kidogo ilibaki mfukoni mwake. Alikuwa na mjomba. Mjomba alikula ng'ombe wa watu, akasomewa, na kabla ya mwezi kwisha miguu ikamvimba kama migomba. Daktari alisema ni figo. Lakini daktari hakuwepo kwenye kisomo, na Badru alikuwepo, ana miaka tisa, anasikia jina la bibi yake mzaa mama likisomwa mbele ya chetezo.

"Itunze mpaka Jumamosi," alisema, akiurudisha mkeka juu yake. "Kisomo kikishapita, nitakuja."

"Kesho ni kesho," alijibu Bi Mashavu. "Kula kitumbua kwanza, uso umekupauka."

Hakula. Alimlipa mwenye mkokoteni kwa maneno, akaenda kukaa peke yake nyuma ya mnada wa korosho, akijitukana kwa lugha mbili.

Ijumaa, baada ya swala, uwanja wa madrasa ulijaa. Alhaji Shaabani na Bi Rukaya waliketi mkeka mmoja kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze, wakisogeleana kama watu wanaoogopa radi. Wapambe wa kambi zote mbili walijipanga nyuma, kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake tumbo. Ubani ulifuka. Mwalimu Saadi alifungua kitabu, na Badru, aliyesimama karibu na ukuta, akafumba macho akingoja kusikia jina la marehemu mama yake.

Hakulisikia. Alisikia Yasini, yote, taratibu. Kisha dua ya mji upate salama, dua ya wagonjwa, na dua ndefu ya wasafiri wa majini. Watu wakaitikia amina. Ukaletwa wali, ikaletwa nyama ya mbuzi, na chai tamu isiyo kifani, maana sukari ilikuwepo ya kutosha. Khanga ziligawiwa kwa wanawake waliokuja, kama zilivyokusudiwa tangu mwanzo.

Badru alimfuata Mwalimu Saadi akinawa mikono. "Mwalimu, na Halbadiri?"

"Halbadiri ipi?"

"Si Bi Mashavu alikuomba?"

"Bi Mashavu aliniomba Yasini na dua ya safari. Kasema kuna chombo kinaingia majini huko Maparoni." Mwalimu alikung'uta maji vidoleni. "Halbadiri mimi siisomi kwa mambo ya siasa, bwana. Mwaka wa uchaguzi? Tungezika mji mzima."

Badru alikimbia. Ndiyo, alikimbia, mtu mzima, amevaa kanzu. Alipofika uani kwa Bi Mashavu alikuta mkeka umekunjwa na kusimamishwa ukutani, na Habiba anaosha masufuria.

"Imekwenda na lori la jana," alisema Habiba bila kuulizwa. "Lile la saa tisa. Dereva kasema nafasi ilikuwa imeshalipiwa. Akina mama wa Maparoni wameipokea Nyamisati alfajiri ya leo. Mwenyekiti wao mwenyewe kaja kuichukua."

"Mwenyekiti wao nani?"

Habiba alimtazama kwa huruma ambayo haikuwa kubwa sana. "Kwani mkeo hakuandikii?"

Alhaji Shaabani hakuidai mashine. Angeidaije? Kambi yake ndiyo iliyotangaza kwamba imezama, na kudai kwake kungekuwa kuuliza nani aliiweka pakavu. Alisema imeibuliwa kwa baraka za dua, akapigiwa makofi. Khamisi naye alisema hivyohivyo, kwa sauti ndogo, huku bado anapokea rambirambi za shangazi. Katika kura za maoni hakushinda Korosho wala Kamba. Alishinda mwalimu mmoja mstaafu ambaye hakugawa hata kiberiti. Wajumbe walisema ndiye mgombea pekee ambaye kwa kumchagua mtu hakuhitaji kurudisha kitu.

Siku moja kabla ya mwezi kuandama, Badru alishuka Nyamisati na karatasi mfukoni. Alikaa juu ya gogo la mkoko kwenye tope, akingoja maji yajae na chombo chochote kitakachomchukua Maparoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na huzuni tu, na alishangaa jinsi ilivyo nzito.

Chombo kilichokuja kilikuja kwa mlio. Mwanahawa alikuwa nyuma, mkono mmoja kwenye mashine, mtandio kaufunga kichwani kwa fundo la kazi. Mbele, wanawake wawili walimshika mwenzao mjamzito ambaye hakuwa na muda wa salamu. Walimteremsha, wakampandisha kwenye gari la kwenda hospitali, na mambo hayo yalichukua muda mfupi kuliko kuyasimulia. Masika yaliyopita mwanamke kama yule alijifungulia ndani ya mtumbwi, katikati ya mkondo, na mtoto hakupona. Badru alikuwa amesikia habari hiyo wakati ule. Alikuwa ameisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Mwanahawa alimwona. Hakuzima mashine.

"Umefuata nini?"

"Baba yako ametaka karatasi."

"Umeiandika?"

"Sijaiandika."

"Kwa nini?"

"Kalamu ilikuwa..." Badru alianza, na uongo ulikuwa umekwisha kupanga foleni, mzuri, wenye kalamu na mvua na mtu wa Bungu. Mwanahawa alingoja tu. "Kwa sababu sitaki kukuacha," alisema Badru.

Abiria walikuwa wanapanda. Mwanahawa aliwapa mkono mmoja mmoja, kisha akamrudia.

"Somo yangu, Bi Mashavu, kanieleza yote. Nataka nisikie kwako. Mashine hii ulitaka kuichukua?"

"Nilitaka kukuletea wewe."

"Uniletee mali yangu."

Badru aliinuka kwenye gogo.

"Na mie ningefurahi," alisema Mwanahawa, na sauti yake ikashuka. "Hilo ndilo linaloniuma, Badru. Ningekwambia asante. Ningekupikia, nikawaringia watu kijiji kizima kwamba mume wangu kaninunulia mashine, na akina mama wenzangu wangekuwa wananilipa nauli ya kitu chao wenyewe. Ungeniacha hivyo mpaka lini?"

Mtu aliyemuuzia mwenzake foleni isiyokuwepo alitafuta neno. Alitafuta kwa dhati, na hakulipata, na aibu aliyoiona haikuwa ile ya kukamatwa, ambayo alikuwa ameshaizoea. "Sijui," alisema.

Mwanahawa alimtazama kana kwamba hilo lilikuwa jibu geni kwake. Kisha akaonyesha sakafu ya boti, ambako maji yalikuwa yameanza kuwafikia abiria vifundoni.

"Ya talaka utaongea na baba. Mimi hapa chombo kinavuja, na natafuta mtu wa kufua maji. Nauli unayo?"

"Sina."

"Basi shika kopo. Na usiseme neno mpaka tufike."

Badru Mwafaka akapanda, akakunja kanzu mpaka magotini, akashika kopo. Abiria walimtambua, wakamchokoza njia nzima, wakimuuliza bei ya foleni na hali ya shangazi yake Khamisi. Hakujibu. Alifua maji tangu Nyamisati, kupita midomo yote ya mto, mpaka Maparoni, na mikono ikamchubuka. Walipofika, Mwanahawa alizima mashine, akaifunika turubai, akamwambia aje tena alfajiri, maji yakijaa.